Nusura ya Pango

Tangu fedha za kuwalipia wapangaji waliokwama zilipoanza kugawiwa Marekani mwaka 2021, Kiswahili kimebebeshwa jina ambalo halikustahili kutoka nje ya rasimu: "Usaidizi wa Dharura wa Kukodisha". Likikosolewa, watetezi wake hujibu kwamba limekwisha zoeleka. Kuzoeleka si hoja. Hata kikohozi huzoeleka. Kukodi ni kuchukua kitu cha mtu kwa malipo, na kukodisha ni kukitoa. Hiyo -sha ndiyo inayompambanua mwenye teksi na abiria wake, mwenye maturubai na mwenye harusi. Anayelisoma jina hilo kwa Kiswahili alichokulia nacho ataelewa kwamba serikali ina haraka ya kuwasaidia wenye nyumba tupu wapate watu wa kuziingia. Yule anayedaiwa miezi minne, ambaye karatasi ya mahakama imekwisha pachikwa mlangoni kwake, atalipita jina hilo kama lisilomhusu, na kwa sarufi atakuwa sahihi. Sijui meza iliyolipitisha ilikuwa na watu wangapi, ila ni dhahiri haikuwa na mpangaji.

Jambo lenyewe msomaji analijua, nami nalipitia upesi kwa sababu moja tu: jina la mpango wa fedha halina budi kufuata njia ambayo fedha zenyewe zinapita. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 25 kwa sheria iliyosainiwa tarehe 27 Desemba 2020, kisha likaongeza bilioni 21.55 kwa sheria ya tarehe 11 Machi 2021. Wizara ya Fedha haikuandika hundi kwa mpangaji hata mmoja. Ilizigawa fedha kwa majimbo, kwa serikali za mitaa zenye wakazi zaidi ya 200,000, kwa maeneo ya ng'ambo na, katika fungu la kwanza, kwa mataifa ya wenyeji asilia. Hao ndio waliofungua dirisha la maombi, wakaajiri mashirika ya kuyapokea, wakakagua vyeti na kulipa. Kaya ilistahili ikiwa inawajibika kulipia nyumba inayokaa, ikiwa kipato chake hakizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake, ikiwa janga la UVIKO-19 limeipunguzia kipato au kuiongezea gharama, na ikiwa imo katika hatari ya kukosa makao. Waliotangulizwa ni wale walio chini ya asilimia 50 na wale waliokosa kazi kwa siku 90. Malimbikizo yalishughulikiwa kabla ya miezi ya mbele. Fungu la kwanza lilikomea miezi 12, au 15 panapokuwa na haja, na mafungu yote mawili kwa pamoja yasivuke miezi 18. Kwa hiyo tunazungumza juu ya fedha zinazofuata deni, zenye ukomo, na ambazo kwa kawaida zilimfikia mwenye nyumba bila mpangaji kuzitia mkononi. Jina lolote linalokwenda kinyume na haya litampotosha mwombaji, hata liwe limepigiwa kura na watu wote wa meza.

Wapo waliolikwepa shimo la -sha wakatumbukia la pili. Hao husema "Msaada wa Kodi ya Dharura", na wameridhika nao kiasi cha kuwacheka wa kwanza. Lakini "kodi ya dharura" ni kitu kingine kabisa: ni tozo ambayo serikali hulazimika kuwabandika watu wakati wa vita au njaa. Hata tukihamisha neno na kusema "msaada wa dharura wa kodi", ugonjwa unabaki, kwa kuwa kodi ni ile anayodai baba mwenye nyumba na kodi ni ile inayodaiwa na Mamlaka ya Mapato. Katika mazungumzo hakuna taabu; mtu akisema kodi imemkalia kooni, aliye karibu naye anajua ni ipi. Lakini hapa mtoaji wa fedha alikuwa Wizara ya Fedha, na chini ya wizara hiyo ndipo ilipo idara ya ukusanyaji wa mapato ya taifa. Ili alipwe, mwenye nyumba katika maeneo mengi alitakiwa kujaza fomu W-9, ambayo ni fomu ya kodi, na wapo waliogoma kuijaza. Halafu idara hiyo ya mapato ikatoa maelezo kwamba fedha hizi hazihesabiwi kuwa kipato cha mpangaji, ila kwa mwenye nyumba ni kipato kama kipato kingine. Hebu tuyatie maelezo hayo katika Kiswahili cha rafiki zetu: kodi inayolipwa kwa msaada wa kodi haitozwi kodi kwa mlipa kodi, bali hutozwa kodi kwa mpokea kodi. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na hakuna binadamu atakayeielewa. Mkenya anaweza kusema kwamba kwao ushuru upo na unatosha kutenganisha. Unatenganisha kwa yule aliyeuzoea. Kwa Mtanzania ushuru ni wa forodha na wa sokoni, na hawezi kukatwa ushuru kwenye mshahara wake.

Dawa ya hayo haihitaji kubuniwa, ipo. Mamlaka za Tanzania zenyewe, dhana hizi mbili zinapokutana, hukimbilia neno pango: ndiyo maana tunasikia kodi ya zuio ya pango, na kila mhasibu anajua kinachotozwa na kinachotozewa. Pango limezaliwa kwa njia ya halali. Limetokana na kupanga kama vile jengo lilivyotokana na kujenga, fungo na kufunga, tendo na kutenda. Ile -o ya mwisho hutaja kinachobaki baada ya kitendo, na kinachobaki baada ya mtu kupanga nyumba si fedha peke yake. Ni makubaliano, ni haki ya kufunga mlango kwa ndani, ni anwani ya kuandikia barua ya shule ya watoto. Na ukoo wa neno hili umekamilika: mpangaji, mpangishaji, upangaji, upangishaji, kila mmoja na kiti chake, hakuna anayemkalia mwenzake. Kodi haina ukoo kama huo kwenye nyumba. Mkodi na mkodishaji tunawakuta zaidi kwenye viti vya arusi, maspika, matrekta na magari. Nyumba ya kukaa hupangwa. Ukimwambia mtu umekodi nyumba, huenda akakuuliza sherehe ni lini.

Hapa ndipo huja mzaha ambao wapinzani wa neno hili hawauchoki: kwamba pango ni tundu la mlimani, na kwamba "nusura ya pango" itamkumbusha kila mtu wale vijana wa mpira waliokwama na kocha wao ndani ya pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018. Mzaha ni mzuri, na ningeusifu zaidi kama usingeletwa kila mara kana kwamba ni mpya. Lugha zote zina maneno yanayofanana sura bila kuwa ndugu. Swali ni kama yanaweza kukaa katika sentensi moja yakagombana. Kodi na kodi yanakaa pamoja, kama tulivyoona, tena ndani ya fomu moja. Mapango ya Amboni na pango la chumba na sebule hayakutani popote isipokuwa kwenye vichekesho. Mwombaji wa Kiswahili anayesimama mbele ya ofisi ya jiji akiwa na notisi ya kuhama hatajiuliza kama anaahidiwa popo.

Nimekwisha litaja neno la kwanza la istilahi ninayoitetea, yaani nusura, na sasa nilitetee. Washindani wake ni watatu. Msaada ni neno jema, lenye undugu na akina Saidi, Saada na Masudi, maana shina lake la Kiarabu ni la bahati njema. Lakini kwa wema huo limekuwa pana kupita kiasi. Msaada ni unga wa mjomba, ni ambulensi ya barabarani, ni mkono wa kubebea godoro. Usaidizi ni msaada uliovaa tai. Mshindani wa kweli ni ruzuku, na wanaoipendekeza wanastahili jibu kamili, kwa sababu ndio pekee waliofikiri kabla ya kuandika. Ruzuku ni ndugu wa riziki, zote mbili za shina moja, na katika Kiswahili cha serikali imeshika nafasi yake: ruzuku ya mbolea, ruzuku ya vyama vya siasa. Ni fedha za umma, zimewekewa sheria, hazirudishwi. Yote hayo ni kweli pia kwa fedha tunazozizungumzia. Kasoro ni kwamba ruzuku hushusha bei ya kitu kwa muda wote ambao mtu anakistahili, na Marekani wanacho kitu hicho tayari. Ni ile hati ya makazi inayojulikana kwa kifungu cha 8, iliyoanzia katika sheria ya mwaka 1974, ambapo mpangaji hutoa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali hulipa sehemu kubwa ya kilichobaki, mwaka hata mwaka. Hiyo ndiyo ruzuku ya pango, jina linaikaa barabara. Tukiipa fedha za mwaka 2021 jina hilo hilo, mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri hati, ambayo inaweza kuchukua miaka, ataambiwa ruzuku ya pango imefunguliwa jijini kwake, atapeleka maombi, atalipiwa malimbikizo ya miezi mitano, kisha atakaa akingojea mwezi wa sita. Dhana mbili zinazotofautiana kwa ukomo na kwa kusudi haziwezi kuazimana shati.

Nusura ndilo neno linalosema kusudi. Limetoka katika shina la Kiarabu la kumwauni aliyezidiwa hadi ashinde, shina lililotupa akina Nasoro, Nasra na Mansuri, na Kiswahili kimelinoa zaidi: kwetu hanusuriwi mtu aliyekaa salama. Ni lazima pawepo na moto, maji, mnyama, au deni. Na si neno la washairi peke yao, kama wapinzani wanavyodai. Serikali ya Tanzania, kupitia mfuko wake wa TASAF, imekuwa ikiendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, wenye kugawa fedha taslimu, na hadi vijijini jina hilo linatamkwa bila mtu kudhani ni utenzi. Ikiwa kaya yaweza kunusuriwa kwa Kiswahili cha ofisi, sioni ni kwa nini pango lisiweze.

Kwa kulichukua nusura tunaokoa pia neno moja zima, nalo ni dharura. Wanasheria hulia wakisikia hivyo, kwa kuwa jina la Kiingereza linataja dharura waziwazi na tafsiri, wanasema, haina ruhusa ya kupunguza. Wangekuwa na hoja kama dharura ingepotea. Haipotei, imo ndani ya kunusuru, kama maji yalivyo ndani ya kuogelea. Kinachopotea ni ule ugomvi usiokwisha wa mahali pa kuliweka: je, dharura ni ya msaada, ni ya kodi, au ni ya mwombaji? Shina la dharura ni lile lile la madhara, na katika sheria hii aliyedhurika anajulikana. Ni kaya, nayo ilitakiwa ithibitishe. Namna ya kuthibitisha ndiyo iliyogharimu miezi. Sehemu nyingi zilianza kwa kudai stakabadhi za mshahara, barua za waajiri waliokwisha funga biashara, na mikataba ya upangaji ambayo haikuwahi kuandikwa. Baadaye Wizara ya Fedha ililegeza kamba: mwombaji aliruhusiwa kutoa tamko lake mwenyewe pale vyeti vinapokosekana, na ofisi iliruhusiwa kukisia kipato kwa kutazama takwimu za mtaa anaokaa badala ya kumfukuzia kila senti. Ilipofika mwisho wa Julai 2021, kati ya dola zaidi ya bilioni 46 zilizokuwepo, zilizokuwa zimewafikia watu ni kiasi cha bilioni 5.1, kama asilimia 11 tu. Tarehe 26 Agosti Mahakama ya Juu ikalifuta zuio la kitaifa la kuwatoa watu majumbani. Pamoja na hayo, tuliotaka dharura iondoke kwenye jina ndio tuliotuhumiwa kupuuza uharaka.

Hapo ndipo sura ya pili ya nusura inapojitokeza, ile ambayo wapinzani huileta kama kasoro na mimi naihesabu kuwa johari. Nusura kwa Kiswahili ni wokovu, na pia ni "karibu": nusura aanguke, nusura afukuzwe. Wanasema istilahi isiwe na maana mbili. Ni kanuni nzuri kwa maana zinazopigana, kama zile za kodi. Maana hizi mbili zimeshikana mikono, kwa sababu mtu huwa kwenye nusura kabla hajapata nusura, na sheria yenyewe ilidai hivyo hivyo: asiye karibu na kukosa makao hakustahili, na aliyekwisha tolewa nje hakuwa tena na pango la kunusuriwa, ingawa aliweza kusaidiwa kuhamia kwingine. Dirisha lilikuwa lile la katikati. Mahakama ya manispaa ya Philadelphia ililielewa hilo kuliko kamati nyingi za lugha. Kwa amri ya mwaka 2021, mwenye nyumba anayedai malimbikizo hakuweza kumshtaki mpangaji kabla ya kuomba fedha za mpango huu na kungoja siku 45. Siku hizo 45 ndizo nusura kwa maana zote mbili, na nasubiri mtu aniletee neno jingine la Kiswahili linaloweza kuzibeba.

Pingamizi zito kuliko yote halijatolewa na wataalamu wa lugha, nalo linasema hivi: fedha zinaingia benki kwa mwenye nyumba, kwa hiyo anayenusuriwa ni yeye, na jina linaficha ukweli. Kwa fungu la kwanza kanuni ilikuwa mwenye nyumba atafutwe kwanza. Akikataa, au akinyamaza kwa siku 7 baada ya barua au kwa siku 5 za kutafutwa kwa simu na ujumbe, ndipo mpangaji aweze kulipwa mwenyewe. Kwa fungu la pili iliruhusiwa kumlipa mpangaji moja kwa moja. Lakini tazama New York, ambako mwenye nyumba aliyepokea fedha alikubali kusamehe faini za ucheleweshaji, kutopandisha bei kwa miezi 12, na kwa muda huo kutomtoa mpangaji kwa kisingizio kwamba mkataba umekwisha, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kilichonunuliwa hapo si deni la zamani tu. Aliyenusuriwa si mpangaji peke yake wala mpangishaji peke yake. Ni pango, lile jambo lililo kati yao. Ndiyo maana sikusema "nusura ya wapangaji", ingawa ingesikika vizuri zaidi redioni. Wengine hudai pia kwamba jina haligusi bili za umeme, maji na gesi, ambazo mpango ulizilipa. Hata Kiingereza hakikuzigusa, na hakuna aliyekilalamikia.

Mjadala huu una watu ndani yake. Hadi mwaka 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao Kiswahili ndicho wanachosikilizana nacho. Louisville na Lexington, huko Kentucky, wapo wengi. Katika jimbo hilo mfuko wa serikali ya jimbo ulihudumia kaunti 118 kati ya 120. Mbili zilizobaki ni Jefferson na Fayette, yaani Louisville na Lexington zenyewe, zilizokuwa na fedha na fomu zao. Mzungumzaji wa Kiswahili wa miji hiyo aliyejaza fomu ya jimbo alikuwa amegonga mlango usio wake. Kizuizi kama hicho kinatosha bila kuongezewa jina linalomwita mkodishaji. Itasemwa kwamba mtu wa Bukavu au Uvira halijui pango na angeridhika na neno la Kifaransa. Huenda, ila kupanga nyumba anakujua, na kutoka kupanga hadi pango ni hatua moja ya sarufi anayoifanya kila siku akitoka kujenga kwenda jengo. Kutoka kukodisha hadi kusaidiwa hakuna hatua inayomfikisha.

Fungu la pili lilikuwa na mwisho wake tarehe 30 Septemba 2025, na amri ya rais ya tarehe 1 Machi mwaka huo ilifuta ile ya mwaka 2000 iliyokuwa msingi wa kuwatafsiria wasiojua Kiingereza katika huduma za serikali kuu. Wapo watakaosema basi, neno la nini tena. Majimbo na majiji yanayoendelea na mifuko yao hayajafutiwa wapangaji wao, na mashirika yanayowasimamia wakimbizi bado yanaandika vipeperushi. Kwa matumizi, mstari mmoja unatosha: mwombaji huomba nusura ya pango, ofisi huidhinisha nusura ya pango, mpangishaji hulipwa kutokana na nusura ya pango. Juu ya fomu iandikwe "Maombi ya Nusura ya Pango", na chini yake, kwa yule ambaye hajawahi kulisikia: "Fedha za serikali za kulipia nyumba unayopanga. Hazirudishwi."